Karate, judo na mifupa ya kijana: kinachojenga na kinachoumiza

Jioni moja ujumbe ulifika studio kutoka kwa mama mwenye kijana wa miaka 13. Aliandika kwamba mwanawe ameanza karate tangu shule zifungwe, na kila jioni anarudi nyumbani miundi imevimba. Akimuuliza, kijana anajibu kuwa wanapiga mateke mgomba, na wakiuzoea mgomba wanahamia kwenye mti, ili mifupa ikomae. Mama akamalizia: "Mtangazaji, ni kweli mifupa inakomaa hivyo, au mwanangu anaumia?"

Zilikuwa zimebaki dakika chache kipindi kiishe. Nilimwambia kijana apumzike mpaka uvimbe uishe, tukaenda kwenye taarifa ya habari. Lakini swali lile lilihitaji jibu refu zaidi, na wazazi wengine wengi wamewahi kuliuliza kwa maneno mengine. Makala hii ndiyo jibu lenyewe.

Kwa kifupi: mazoezi ya karate, judo, taekwondo, mieleka na michezo mingine ya mapigano yanaweza kuimarisha mifupa ya kijana, tena katika umri ambao mifupa inahitaji kuimarishwa kuliko umri mwingine wowote. Ila kinachoiimarisha si kupiga mti. Na kama kijana hali chakula cha kutosha, mazoezi hayohayo yanaweza kumdhoofisha.

Mfupa ni kitu hai

Wengi wetu tunaujua mfupa wa kwenye sahani au uliotupwa jalalani, mkavu na mgumu kama jiwe. Mfupa ulio ndani ya mwili si hivyo. Una damu, una mishipa ya fahamu, na una seli zinazofanya kazi usiku na mchana.

Zifikirie seli hizo kama makundi ya mafundi. Kundi la kwanza hubomoa sehemu za mfupa zilizochoka. Kundi la pili hufuata nyuma na kujenga upya kwa kutumia protini na madini, hasa kalsiamu na fosforasi. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa yake hukarabatiwa hivyo kila mwaka. Kwa mtoto anayekua, wajenzi huwazidi wabomoaji, na ndiyo maana mfupa hurefuka, hunenepa na kuongezeka uzito.

Wajenzi wanajuaje wajenge wapi? Kuna kundi la tatu la seli, zilizojificha ndani ya mfupa wenyewe, ambazo huhisi mfupa unapopinda hata kwa kiasi kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Ukiruka na kutua, au msuli ukivuta kwa nguvu, seli hizo hutuma taarifa kuwa hapa pana kazi, paimarishwe. Mahali pasipopata mzigo, taarifa haitumwi, na mwili huondoa madini taratibu. Mtu aliyewahi kufungwa POP kwa wiki kadhaa anajua jinsi mguu unavyotoka umekonda. Si msuli peke yake unaopungua, mfupa nao hupungua.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliliandikia kitabu mwaka 1892, akieleza kuwa mfupa hujipanga kufuatana na mzigo unaoubeba.

Miaka michache ya kuweka akiba

Mifupa haiongezeki uzito kwa kasi ileile miaka yote. Kuna msimu wake, nao ni balehe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, nchini Canada, waliwafuatilia watoto kwa miaka kadhaa wakipima urefu wao na madini yaliyomo katika mifupa yao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yalionyesha kuwa katika miaka 2 tu, ile ambayo mtoto anarefuka kwa kasi kuliko wakati mwingine, mwili hukusanya takriban robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo ukubwani. Kasi ya kukusanya madini ilifika kileleni kwa wasichana wakiwa na miaka 12 na nusu hivi, na kwa wavulana wakiwa na miaka 14 hivi.

Msichana akifika miaka 18 na mvulana akifika miaka 20, hadi asilimia 90 ya akiba yake ya mifupa huwa imeshawekwa. Kinachobaki ni kidogo. Baada ya hapo mtu huishi kwa akiba hiyo, na kuanzia utu uzima wa kati huanza kuitumia polepole. Wanawake huipoteza kwa kasi zaidi baada ya kukoma hedhi.

Mkulima anaelewa hesabu hii. Msimu wa mavuno ni mfupi, na ghala lililojaa nusu ndilo utakalolitegemea mwaka mzima. Bibi anayeteleza uani akiwa na miaka 70 na kuvunjika nyonga, mara nyingi anavunjika kwa sababu ghala limekwisha. Watafiti waliopiga hesabu hizi mwaka 2003 walikadiria kuwa mtu akiingia utu uzima na akiba iliyozidi kwa asilimia 10, ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu, uitwao osteoporosisi, unaweza kuchelewa kwa takriban miaka 13.

Kwa hiyo kijana wa darasa la sita au kidato cha pili anayeruka uwanjani jioni anaiwekea akiba mifupa atakayoitegemea uzeeni.

Kwa nini michezo ya mapigano inafaa

Si kila zoezi linasikika na mfupa kwa kiwango kimoja. Mfupa husikia zaidi mzigo wa ghafla, wenye nguvu, unaotoka pande tofauti. Kuogelea kunafaa sana kwa moyo na mapafu, lakini maji hubeba uzito wa mwili, hivyo mfupa hausikii kazi kubwa. Kuendesha baiskeli ni vivyo hivyo, kwa kuwa umekaa na miguu haitui kwa kishindo.

Sasa tazama darasa la karate au taekwondo. Kijana anaruka, anatua kwa mguu mmoja, anageuka ghafla, anasukuma ardhi kwa nguvu ili apige teke. Nyonga, paja na muundi hupata mzigo mpya kila baada ya sekunde chache. Katika judo na mieleka anamshika mwenzake nguo au mwili, anavuta, anasukuma, anabeba, anaanguka na kuinuka. Mikono, mabega na uti wa mgongo navyo vinafanya kazi.

Msuli unapovuta, unauvuta mfupa ulioshikamana nao, na mvuto huo ni sehemu kubwa ya mzigo ambao mfupa unausikia. Kwa hiyo hata pasipo mtu kumpiga mwenzake, zoezi lenyewe linaujenga mfupa.

Watafiti wameona nini

Mwaka 2001 watafiti wa Italia walilinganisha wanamichezo wa kiwango cha juu wa judo, karate na mchezo wa mpira wa majini. Wachezaji wa judo na karate walikuwa na mifupa yenye madini mengi kuliko watu wasio wanamichezo. Wale wa majini, pamoja na mazoezi yao yote, hawakuonyesha faida hiyo.

Hapa Afrika, watafiti wa Tunisia walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kupima vijana 50 wa michezo ya mapigano wenye umri wa miaka 17 hivi, wakiwalinganisha na vijana 30 wa umri huo wasiofanya mazoezi. Wanamichezo walikuwa na mifupa yenye madini mengi zaidi. Jambo la kuvutia ni kwamba nguvu ya kukamata kwa kiganja ndiyo iliyoashiria vizuri zaidi hali ya mifupa. Vijana wenye kiganja chenye nguvu ndio waliokuwa na mifupa imara.

Je, umri wa kuanza una maana? Watafiti wa Finland waliwapima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi, kwa sababu wachezaji hao hutumia mkono mmoja kuliko mwingine, hivyo kila mmoja ana mkono wake wa kulinganishia. Mwaka 1995 waliripoti kuwa mkono wa kushika raketi ulikuwa na mfupa mkubwa kuliko ule mwingine. Na kwa wale walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo au karibu na wakati huo, faida ilikuwa takriban mara 2 ya waliochelewa kuanza.

Tahadhari moja inahitajika. Utafiti unaopima watu mara moja hauwezi kueleza kila kitu. Inawezekana kijana mwenye mwili imara ndiye anayevutiwa na judo tangu mwanzo. Lakini utafiti wa mikono miwili ya mtu mmoja unaondoa shaka hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mikono yote miwili ina wazazi walewale na imekula chakula kilekile.

Vipi kuhusu kupiga mgomba, mti au kusugua muundi kwa chupa?

Hapa ndipo mama yule alipotaka jibu. Filamu zimetufundisha kuwa bingwa ni yule anayevunja matofali kwa mkono, na vijana wengi wanaamini mfupa unapaswa kupigwa mpaka uumie ndipo ukomae.

Kijana anayepiga kitu kigumu kila siku ataona baada ya muda kwamba maumivu yamepungua. Anaamini mfupa umekuwa chuma. Lakini maumivu kupungua si ushahidi kuwa mfupa umekomaa. Ngozi inaweza kuwa imekuwa nene, na mishipa ya fahamu imezoea. Wakati huohuo mfupa unaweza kuwa unapata nyufa ndogo ambazo mafundi wake hawapati muda wa kuziziba. Nyufa hizo zikiongezeka, huungana na kuwa ufa wa kweli.

Tena, mfupa hauhitaji kupigwa mara nyingi ili usikie. Watafiti Rubin na Lanyon walionyesha mwaka 1984, kwa kupima mfupa wa bawa la ndege wa kufugwa, kuwa mizigo 36 kwa siku ilitosha kuufanya mfupa uongezeke. Walipofikisha mamia, na hata zaidi ya elfu moja, hakikuongezeka kitu zaidi. Baada ya mizigo michache mfupa huacha kusikia na huhitaji saa kadhaa za kupumzika ndipo usikie tena. Kijana anayepiga mti mateke 300 mfululizo hapati faida ya mateke 300. Anapata faida ya yale ya mwanzo, na yanayobaki ni majeraha.

Mgomba ni laini, na teke la polepole kwenye mgomba haliwezi kufananishwa na teke la nguvu kwenye mwembe. Hata hivyo, begi lililojazwa nguo kuukuu au maranda linafaa zaidi. Na kanuni haibadiliki: kama muundi unavimba na bado unauma kesho yake, kipimo kimezidi. Kuvunja matofali au mbao kwa ngumi kusiwe sehemu ya mafunzo ya mtoto ambaye mifupa yake ya mikono bado inakua.

Ncha za mfupa unaokua

Mfupa wa kijana una sehemu ambayo mfupa wa mtu mzima hauna. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu kuna tabaka laini la gegedu, na ndipo mfupa unaporefukia. Tunaweza kuliita gegedu la ukuaji. Baada ya balehe hugeuka kuwa mfupa kamili na kimo husimama.

Gegedu hilo ni laini kuliko mfupa wenyewe. Pigo ambalo kwa mtu mzima lingeteguka kiungo, kwa kijana linaweza kulipasua gegedu. Lisipotibiwa vizuri, mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda au ukasimama kabla ya wakati. Sehemu zinazoumia mara nyingi ni kifundo cha mkono, vidole na kifundo cha mguu.

Kuna jambo la pili. Katika kipindi cha kurefuka haraka, urefu hutangulia na madini hufuata nyuma kwa miezi kadhaa. Mfupa unakuwa mrefu kabla haujajazwa. Ndiyo maana kuvunjika mkono ni jambo la kawaida zaidi katika umri huu, kwa wasichana na wavulana pia. Mzazi anayeona suruali ya mwanawe imekuwa fupi ndani ya miezi michache ajue kuwa huu ni wakati wa kuendelea na mazoezi, ila kwa kupunguza kurushana kwa nguvu na kuanguka kwenye ardhi ngumu.

Bila chakula mazoezi hayajengi

Mafundi wa mfupa hawawezi kujenga bila vifaa. Wataalamu wa lishe wanapendekeza kijana wa miaka 9 hadi 18 apate takriban miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Kwa vyakula vyetu hesabu iko hivi.

Glasi moja ya maziwa, mabichi yaliyochemshwa au ya mgando, ina miligramu 300 hivi. Unga wa ulezi ni hazina ambayo wengi tumeisahau, kwani gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300, wakati unga wa mahindi una kidogo sana. Uji wa ulezi ukichachushwa, au ulezi ukioteshwa kwanza kuwa kimea, mwili huyanyonya madini hayo vizuri zaidi. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chanzo kizuri sana, kuliko samaki mkubwa ambaye mifupa yake tunaitupa. Ufuta nao una kalsiamu. Katika mboga za majani, sukuma wiki humpa mtu kalsiamu inayonyonywa vizuri kuliko mchicha, ingawa mchicha una faida nyingine.

Maharage, karanga, mayai na dagaa huleta protini ambayo mfupa pia huihitaji. Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopata jua, na kijana anayefanya mazoezi nje kwa kawaida huipata.

Tatizo kubwa vijijini mara nyingi ni chakula kwa ujumla. Kijana ametoka nyumbani bila kunywa chai, shuleni hakuna chakula cha mchana, na saa kumi na moja jioni yuko uwanjani akiruka. Mwili usio na nguvu ya kutosha huanza kubana matumizi, na ujenzi wa mfupa ni miongoni mwa kazi zinazosimamishwa mapema. Kama siku hiyo hajala, apunguze mazoezi au apumzike. Kiazi kitamu au kikombe cha uji kabla ya kwenda uwanjani kinafaa kuliko mateke 50 ya ziada.

Kujinyima ili kufikia uzito

Judo, taekwondo, ngumi na mieleka vina madaraja ya uzito. Mashindano yakikaribia, vijana wengine huacha kula, huacha kunywa maji, au hukimbia juani wakiwa wamevaa masweta ili watoe jasho na kushuka daraja.

Kwa kijana aliye kwenye balehe hiyo ni hasara. Yuko kwenye msimu wa kujaza ghala, naye anafunga mlango wa ghala. Mwalimu anayejali atamshindanisha kijana katika uzito alionao. Kama amekua na kuhama daraja, hiyo ni habari njema.

Kwa wasichana: hedhi ni kipimo

Wasichana hupata faida ya mifupa kama wavulana, na kwa kuwa wao ndio watakaopoteza zaidi uzeeni, wana sababu kubwa zaidi ya kufanya mazoezi. Pamoja na hayo, wengi wao huacha michezo mara tu wanapovunja ungo, wengine kwa kubanwa na kazi za nyumbani, wengine kwa kuambiwa kuwa sasa wamekuwa wakubwa. Wanaacha katikati ya msimu wa mavuno.

Kuna ishara moja ambayo mama, shangazi au mwalimu wa kike anapaswa kuijua. Homoni ya estrojeni hulinda mfupa wa msichana. Akifanya mazoezi mengi huku akila kidogo, mwili unaweza kupunguza homoni hiyo, na hedhi hukoma au huchelewa kuanza. Msichana ambaye hedhi yake imekoma kwa miezi 3, au amefika miaka 15 bila kuanza, apelekwe kituo cha afya. Asiambiwe kuwa hiyo ni dalili ya kuwa mwanamichezo wa kweli. Ni dalili kwamba mifupa yake inaweza kuwa inapungua. Na bila shaka hedhi inaweza kukoma kwa sababu nyingine, hivyo azungumziwe kwa upole, si kwa kushutumiwa.

Mazoezi mazuri yanaonekanaje

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawe yale yanayoimarisha misuli na mifupa. Siku 2 au 3 za karate au judo kwa wiki zinaingia vizuri hapo.

Mzazi akienda kutazama mazoezi, ayaangalie mambo haya:

Kwanza, wanapasha mwili joto kabla ya kuanza, na wanapumzika katikati.

Pili, wanaoanza wanafundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha. Katika judo hilo ndilo somo la kwanza, na ni la lazima.

Tatu, hawarushani kwenye saruji au ardhi iliyokauka. Kama hakuna mikeka ya mazoezi, mchanga mlaini, au magunia yaliyojazwa maranda na kufunikwa turubai, ni bora kuliko ardhi tupu.

Nne, watoto wanapangwa kwa uzito na ukuaji, si kwa umri tu. Vijana wawili wa miaka 13 wanaweza kupishana kilo 20.

Tano, hakuna kupigana ngumi au mateke ya kichwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2016 kuwa mafunzo yasiyo ya kugusana yana hatari ndogo kuliko mapambano ya kugusana, na kwamba kofia za kujikinga hazijathibitishwa kuzuia mtikisiko wa ubongo. Mfupa wa mguu hauhitaji pigo la kichwa ili ukomae.

Sita, mtoto akisema anaumwa, mwalimu anamsikiliza.

Akiumia

Mkono au mguu ukivimba ghafla, ukipinda, au kijana akishindwa kuukanyagia, usiukande kwa maji ya moto wala kuuvuta unyooke. Kukanda mfupa uliovunjika kunaweza kusogeza vipande na kuharibu gegedu la ukuaji. Ufunge na ubao au kadibodi ngumu kama ulivyo, usikaze sana, kisha mpeleke kwenye kituo chenye eksirei. Wengi huanzia kwa fundi wa jadi wa kuunga mifupa na kufika hospitali baada ya wiki mbili, mfupa ukiwa umeshaanza kuunga vibaya.

Maumivu ya polepole nayo yasipuuzwe. Maumivu ya mahali pamoja unapoweza kugusa kwa kidole, yanayozidi wakati wa mazoezi na kubaki hata usiku, yanaweza kuwa ufa. Aache kuruka na apimwe.

Maswali ambayo wasikilizaji huuliza

Watoto wetu wanalima na kuteka maji. Bado wanahitaji karate? Kazi hizo nazo hubebesha mifupa mzigo, na mtoto wa kijijini mara nyingi ana mifupa inayofanya kazi kuliko wa mjini anayekaa. Karate si lazima. Inaongeza kuruka na kugeuka ambako kazi za shamba hazina. Ila mtoto aliyelima tangu asubuhi amechoka, naye anahitaji chakula na usingizi kwanza.

Pasipo na mwalimu wa karate tufanyeje? Kuruka kamba, rede, mpira wa miguu na mpira wa wavu vyote vina kuruka, kutua na kugeuka. Kamba ya katani na dakika 10 zinatosha kuanzia.

Karate inamfanya mtoto awe mfupi? Hapana. Mazoezi ya kawaida hayazuii kimo. Kinachozuia ni utapiamlo wa muda mrefu, maradhi, au jeraha la gegedu la ukuaji lisilotibiwa.

Mtoto mwenye selimundu aruhusiwe? Azungumze kwanza na daktari wake. Kuchoka kupita kiasi na kukosa maji kunaweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Akiruhusiwa, anywe maji mara kwa mara na apumzike anapojisikia, bila kusukumwa.

Tukirudi kwa mama wa kijana wa miaka 13

Mama, usimtoe kijana kwenye karate. Yuko katika umri ambao kuruka kwake kuna thamani kubwa kwa mifupa yake. Apumzike mpaka miundi ipone, kisha arudi. Ukiweza, nenda nawe siku moja, umsalimie mwalimu na umuulize kwa heshima kuhusu ule mti. Mwalimu anaweza kuwa alifundishwa hivyo naye, na akielezwa anaweza kubadili. Asipobadili, tafuta uwanja mwingine.

Na jioni hiyo akirudi, awekewe dagaa wazima kwenye ugali wake, na ulezi uchanganywe kwenye uji wa asubuhi.

Ukiwa na swali la afya ungependa tulifafanue, tuma ujumbe kwenye namba ya studio unayoisikia hewani wakati wa kipindi.